Tani Nzima Nayo Huteleza

"Injinia, kasha hili ni tani nzima. Litakwenda wapi?"

Swali hilo nalisikia karibu kila wiki pale yadi Kurasini, ninapokagua malori kabla hayajashika njia ya Mbeya na Tunduma. Utingo wa juzi aliliuliza akiwa amelikalia kasha lenyewe, miguu inaning'inia, kana kwamba na uzito wake ni dhamana. Sikubishana naye. Nilimwomba ubao na matofali manne.

Tuliweka tofali moja juu ya ubao, nikauinua upande mmoja polepole mpaka tofali likateleza. Nikapiga chaki ukutani. Kisha tukayapanga yote manne, tukayafunga pamoja kwa mpira, nikainua tena. Yakateleza palepale, labda upana wa kidole juu ya alama. Kijana akasema nimemfanyia kiini macho, akainua mwenyewe. Chaki ileile.

Kilicholishika tofali ni msuguano tuli, ule unaozuia nyuso mbili zilizogusana zisianze kuteleza. Kikomo chake hupatikana kwa kuzidisha nguvu inayokandamiza sakafu na namba ya nyuso zenyewe. Mzigo ukiwa mzito mara nne hushikwa mara nne zaidi, lakini kuusimamisha nako kunataka nguvu mara nne. Uzito umejifuta. Inabaki ile namba tu.

Kwenye breki ni hivyohivyo. Watu husema breki inausukuma mzigo mbele. Hakuna kinachousukuma. Unaendelea na mwendo uliokuwa nao, na ili upungue lazima kitu kiurudishe nyuma. Kama hujaufunga, kitu hicho ni sakafu ya bodi peke yake.

Chukua kasha la mbao la kilo 1,000 juu ya sakafu ya mbao, namba iwe 0.4. Msuguano tuli utatoa nyutoni 3,900 hivi, basi, yaani kasha litapunguza mwendo kwa mita 3.9 kwa sekunde kila sekunde. Dereva aliyeiona foleni kwa mbali hafiki hata nusu ya hapo, na msuguano hutoa kile tu kinachodaiwa. Ndiyo maana kasha lisilofungwa linaweza kwenda safari ishirini bila kusogea, dereva akaamini limekaa. Ya ishirini na moja, bodaboda inakatiza. Lori lenye breki na tairi nzuri kwenye lami kavu linaweza kupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka kilomita 60 kwa saa, lori linasimama ndani ya mita 23. Kasha lingehitaji 36, na hizo ni kama lingeendelea kushikwa vilevile. Haliwi hivyo, maana likishaanza kuteleza ile namba hushuka, tuseme hadi 0.3.

Hapo ndipo nafasi ya mbele inapoua. Ukiacha mita moja kati ya kasha na ukuta wa kabini, litaugonga kwa kama kilomita 9 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, ila mtu huyu ana tani moja, na nyuma ya bati lile kuna mgongo wa dereva. Nikikuta pengo, gari halitoki.

Nondo ndizo zinazonitoa jasho zaidi. Chuma juu ya chuma, tena chenye mafuta au maji, namba inaweza kushuka hadi 0.2 au chini yake. Na hata ukikaza mkanda kwa nje, zile za katikati ya fungu zinachomoka kama njiti za kiberiti.

Kuna vinavyoila ile namba kimyakimya. Mchanga uliobaki wa safari ya jana unageuka magurudumu chini ya kasha. Tuta likirukwa, mzigo unakuwa mwepesi kwa nukta moja na kusogea kidogo. Mteremko wa asilimia 8 unakata 0.08 kabla hujagusa breki, kwa hiyo mlima kama Kitonga, njia ya Iringa, unaushuka ukiwa umeshapunguziwa.

Mkanda unaopita juu ya mzigo hauuvuti kurudi nyuma, kama wengi wanavyodhani. Unaukandamiza. Ukikazwa nyutoni 2,600 kila upande, kasha letu linapata msuguano wa nyutoni 2,080 za ziada, na zile mita 6 kwa sekunde kila sekunde za lori zinafikiwa. Mpira wa kuzuia kuteleza unaotandikwa chini ya kasha, wenye namba 0.6, unakaribia hapohapo bila mkanda wowote. Mimi nataka vyote viwili. Kiwango cha Ulaya, EN 12195-1, kinadai mzigo uhimili upande wa mbele nguvu ya 0.8 ya uzito wake, na kimoja pekee hakikufikishi huko.

Utingo alishuka akaenda kutafuta ufagio. Tukalisogeza kasha, akafagia chini, tukatandika mpira, tukafunga mikanda miwili. Nilimwambia wakifika Kibaha wasimame wakaze tena, maana kasha likishatikisika hukaa, na mkanda hulegea.