Siku Moja Pwani ya Liguria, kwa Macho ya Mtu wa Uvuvi

Wanaoniuliza kuhusu pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, aghalabu huja na orodha ya miji mitano ya kumaliza kwa siku moja. Mimi nashauri vituo vitatu tu: Camogli, San Fruttuoso na Santa Margherita Ligure. Panda treni na boti, gari liache.

Kutoka Genova, treni ya kawaida hukufikisha Camogli kabla saa moja haijaisha. Teremka ngazi hadi bandarini utazame nyumba: ghorofa sita na zaidi, rangi ya chungwa, waridi na manjano, zimepangana hatua chache tu kutoka majini. Zisogelee. Baadhi ya madirisha na nakshi ni rangi tupu, zimechorwa ukutani kwa ustadi hata kivuli chake kipo.

Mtu aliyezoea bahari ya Unguja au Mombasa atashangaa pia kwamba maji hayaondoki. Kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji mita 3 hadi 4. Hapa tofauti ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita. Kwa hiyo mashua hazilali mchangani, na nahodha haulizi maji yatajaa saa ngapi. Anachohofia ni upepo wa kusini-magharibi. Ukivuma kwa nguvu, boti hazitii nanga San Fruttuoso, basi ulizia hali ya bahari kabla ya kukata tiketi.

Kabla ya kuondoka nunua kipande cha focaccia ya jibini, chakula cha Recco, mji wa jirani. Ni tabaka mbili za unga usiotiwa hamira, nyembamba mno, katikati jibini laini inayochuruzika. Ile ikiwa moto.

Boti ya San Fruttuoso ikielekea Punta Chiappa, rasi iliyo njiani, kaa upande wa nchi kavu. Kuanzia Aprili hadi Septemba hapo hutegwa tonnarella, mtego wa jodari na jamaa zake, uliotumika tangu karne ya 17. Ufundi wake ni wa uzio wetu: wavu mrefu hutoka ufukweni na kukata njia ya samaki, naye akitaka kuuzunguka huelekea kilindini, akaingia chumbani asikotoka. Wavuvi huuvuta kwa mikono. Kilichonigusa zaidi ni nyuzi zake, kwani ni za makumbi ya nazi, zinazosukwa upya kila mwaka katika nchi isiyo na mnazi hata mmoja wa kuvunwa! Msimu ukiisha huachwa zizame na kuozea baharini. Ningependa kila mwenye nyavu za nailoni auone mtego huu.

San Fruttuoso haina barabara. Utafika kwa boti au kwa miguu kupitia mlimani. Kuna abasia, yaani nyumba ya watawa, ya kale yenye makaburi ya Doria, ukoo mashuhuri wa Genova, na kighuba cha kuogelea. Nje kidogo, karibu mita 17 chini ya maji, imesimama sanamu ya shaba ya Kristo iliyozamishwa mwaka 1954. Lala hapo ufukweni saa mbili tatu.

Portofino, mji wa kifahari ulio njiani, ipite, labda kwa kahawa moja ya bei ghali. Fika Santa Margherita alasiri, meli za uvuvi zinaporudi na kamba wekundu. Kamba hao huishi mamia ya mita chini, lakini sakafu ya bahari hapa huporomoka ghafla karibu na pwani, ndiyo maana wavuvi hutoka alfajiri na kuwauza siku hiyohiyo, wakiwa bado wekundu hata kabla ya kupikwa.