Je, wajua kwa nini rubani asiyeumwa hupimwa afya kila mwaka?

Ukipanda ndege Dar es Salaam kwenda Mwanza, marubani wawili waliokaa mbele wana leseni, ila leseni hiyo haina nguvu bila karatasi nyingine: cheti cha afya daraja la kwanza. Kwa kawaida hudumu miezi 12 tu. Rubani akivuka miaka 60, muda unashuka hadi miezi 6. Akivuka 40 na akawa anabeba abiria bila rubani mwenzake, katika ndege ndogo kama Cessna Caravan, hapo pia ni miezi 6.

Viwango hivi vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Mamlaka za usafiri wa anga kama TCAA ya Tanzania na KCAA ya Kenya huvisimamia kupitia madaktari walioidhinishwa kwa kazi hiyo.

Vipimo vyenyewe havitishi. Mkojo, shinikizo la damu, masikio, uwezo wa kutofautisha rangi, kipimo cha umeme wa moyo ambacho hurudiwa mara nyingi zaidi umri unavyosogea, na maswali mengi kuhusu kifafa, kuzimia na magonjwa ya akili. Kuhusu macho, kuna uvumi unaowakatisha tamaa vijana bila sababu, kwamba anayevaa miwani hawezi kuwa rubani. Si kweli. Kinachotakiwa ni kuona kwa kiwango cha 6/9 kwa kila jicho (yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 9) na 6/6 kwa macho yote mawili, na miwani inaruhusiwa. Mwenye kuihitaji hutakiwa tu kuwa na jozi ya akiba karibu naye anaporuka.

Lakini kwa nini kila mwaka? Kwa sababu daktari haulizi tu, “Huyu mtu anaumwa?” Anauliza pia, “Kuna uwezekano gani kwamba ndani ya mwaka ujao atashindwa kazi ghafla, akiwa angani?” Kwa ndege yenye marubani wawili, madaktari wa anga wengi hutumia kikomo cha asilimia 1 kwa mwaka, kilichoanzia Uingereza. Hesabu yake inavutia. Mwaka una saa 8,760, tuseme 10,000. Hatari ya 1 kwa 100 ikigawanywa kwa saa hizo inakuwa 1 kwa milioni kwa kila saa. Kati ya muda wote wa safari, kipindi cha hatari kubwa, yaani kuruka na kutua, ni kama sehemu moja ya kumi. Na rubani wa pili hukadiriwa kushindwa kuiokoa ndege mara 1 tu kwa 100. Zidisha yote, unapata ajali moja kwa saa bilioni moja. Ndiyo maana umri wa miaka 40 unamhusu zaidi anayeruka peke yake: hana mwenzake wa kushika usukani.

Hesabu hiyo si ya darasani tu. Tarehe 18 Juni 1972, ndege ya British European Airways aina ya Trident iliruka kutoka Heathrow kwenda Brussels, ikaanguka Staines dakika chache baadaye. Watu wote 118 walikufa. Uchunguzi wa mwili wa kapteni ulionyesha ugonjwa wa mishipa ya moyo ambao vipimo vyake vya kazini havikuwa vimeunasa.

Sasa tuje kwenye fedha. Marekani, serikali haipangi bei. Kila daktari hujipangia, na uchunguzi wa kawaida huwa dola mia moja na kitu hadi mia mbili hivi. Uingereza, uchunguzi wa mara ya kwanza hugharimu mamia ya pauni. Mwanafunzi wa urubani hujilipia mwenyewe, na kwa maoni yangu anapaswa kuupitia kabla hajalipa hata senti ya ada ya chuo.

Gharama inayouma iko kwingine: kukosa cheti ni kukosa mshahara. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, aliiangusha ndege kwa makusudi kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, wakafa watu 150. Alikuwa na ugonjwa wa akili na vyeti vya madaktari vya kumpumzisha kazi, akavificha. Wachunguzi wa Ufaransa waliandika kwamba alikuwa na mkopo wa mafunzo wa kiasi cha euro 41,000, na hakuwa na bima ya kufidia kipato chake kama angezuiwa kuruka. Hakuna kinachompunguzia hatia. Ila mfumo unaomwadhibu anayesema ukweli unawafundisha wengine kunyamaza, na kipimo cha mkojo hakigundui siri.

Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni zinazoyataka mashirika ya ndege kumpima rubani hali ya akili kabla hajaanza kuwarushia, na kuwa na mpango ambapo marubani husikilizwa na marubani wenzao. Marekani ilikwisha kuruhusu dawa chache za sonona tangu 2010, chini ya uangalizi maalumu, lakini vipimo vya ziada vya akili vinaweza kufika maelfu ya dola, na mara nyingi rubani ndiye anayevilipia.