SIDO si ya wenye viwanda tu

Mtu akitaka kuanza kusindika pilipili au kutengeneza sabuni, utamsikia: "SIDO? Pale ni kwa wenye mashine, mimi nina sufuria na jiko la mkaa." Jina ndilo linalotisha: Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. Lakini tangu lianzishwe mwaka 1973, kazi yake ni hao hao wenye sufuria.

Nenda ofisi yao ya mkoa na chupa yako ya pilipili. Utaulizwa umeichemshaje, umeifungashaje, lebo iko wapi, bei umeipataje. Hilo la bei ndilo linalowaumbua wengi, maana mkaa na nauli hawavihesabu kabisa. Wana mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na ukitaka alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, barua yao ya utambulisho ndiyo ya kuanzia.

Mtaji ni habari nyingine. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.