Kununua nyumba mbovu Mtwara na Lindi: hesabu ya ofa huanzia mwisho

Mwenye nyumba akitaja milioni 65, wanunuzi wengi huanza kushuka nayo pale pale: niseme 50, atasema 60, tutamalizana 56. Wakitoka hapo wanajiona wamepata. Lakini hesabu yao yote imesimama juu ya namba ya mtu mwingine, na namba hiyo mara nyingi haina uhusiano wowote na paa linalovuja. Huenda ni ada ya mtoto anayeingia chuo. Huenda ni bei ambayo mwenye nyumba alisikia jirani kauzia. Na ndani yake dalali naye huenda ameshapachika cha juu chake.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi zangu nyingi ziko Mtwara na Lindi. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa korosho, na vijana wa huku wanaofanya kazi Dar es Salaam wakitaka kurudi na kitu nyumbani, hunipeleka kuangalia nyumba iliyochoka na kuniuliza: nitoe ngapi? Nalichukulia swali hili kwa uzito, kwa sababu nimeona familia zilizomaliza mkopo wote kwenye manunuzi, zikahamia chini ya paa lenye turubai na kukaa hivyo miaka. Nyumba ilikuwa nzuri. Bei ndiyo iliyowaumiza.

Jibu langu huanzia mwisho. Nyumba hii ikishatengenezwa ikatengenezeka, kwenye mtaa huu huu, leo ingeuzwa ngapi? Ukishapata namba hiyo, rudi nyuma ukitoa kila kitakachokutoka mpaka nyumba ifike hapo. Kinachobaki ndicho kikomo chako, na kikomo hicho hakijali mwenye nyumba ametaja ngapi.

Bei hiyo ya mwisho usiitafute kwa kujumlisha gharama za ujenzi. Huku kwetu zipo nyumba nyingi ambazo kuzijenga leo kutakula pesa zaidi ya ile ambayo mtu angekubali kuzinunulia. Soko letu ni dogo, na kila mtaa una kimo chake. Ukiweka vigae na jipsamu za milioni kumi kwenye nyumba ya Magomeni ya hapa Mtwara, bei haipandi kwa milioni kumi, kwa sababu mwenye uwezo wa kulipa tofauti hiyo atakwenda kutafuta Shangani, mtaa wa bei ya juu zaidi. Ulizia nyumba zilizokwisha kuuzwa, siyo zinazotangazwa. Mwenyekiti wa mtaa hushuhudia mauziano mengi, naye akiona umekuja kwa heshima atakueleza. Mawakili wanajua. Na kama pesa ni nyingi, mlipe mthamini aliyesajiliwa. Tangu 2016 taaluma hiyo ina sheria yake na bodi yake, kwa hiyo ripoti yake ina mtu wa kuiwajibikia.

Kuna namba moja ya kuikwepa kabisa: bei ya nyumba ya enzi za gesi. Miaka ya 2012 na 2013, habari za gesi asilia zilipopamba moto, kodi za nyumba na bei za viwanja Mtwara zilipaa, na wapo wenye nyumba ambao mpaka leo wanaikumbuka ofa waliyoikataa wakati ule. Bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Lindi nako utaambiwa habari za mtambo wa kusindika gesi unaopangwa Likong'o. Natamani sana ujengwe, mji ule unauhitaji. Lakini mazungumzo yake yamechukua miaka mingi, na ukilipa leo bei ya siku mtambo utakapowaka, faida umempa muuzaji na kungoja umebaki nako wewe.

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, ziweke zako. Tuseme nyumba iko Chikongola, Mtwara mjini, vyumba vitatu, kiwanja kimepimwa. Ikiwa nzima ingeuzwa milioni 80. Makadirio ya ukarabati ni milioni 22. Juu yake naweka fungu la dharura la robo, yaani milioni 5.5. Mwanasheria, ushuru wa stempu ambao ni asilimia moja, ada za uhamisho na safari za ofisini, tuseme milioni 2.5. Miezi sita ya ukarabati utaendelea kupanga kwingine kwa 200,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 1.2. Halafu kuna milioni 5 ambazo watu huzisahau: malipo ya jasho lako. Kama baada ya vumbi, mafundi na miezi yote hiyo utaishia na nyumba yenye thamani sawasawa na pesa uliyotumia, ni heri ungenunua nyumba nzima ukahamia siku hiyo hiyo. Toa vyote kwenye 80, inabaki milioni 43.8. Tuseme kikomo chako ni kama 44, na maongezi unaweza kuyaanza 38.

Kisha pima upande wa pili. Kiwanja kitupu mtaa huo ni ngapi? Kama ni milioni 25, ofa ya 44 maana yake unazilipia kuta milioni 19. Ziangalie kuta hizo tena ukiwa na namba hiyo kichwani. Wakati mwingine zinastahili. Wakati mwingine nyumba imefika mahali ambapo ni pagale lenye mapazia, na bei ya haki ni ya kiwanja ukitoa gharama ya kubomoa.

Kila kitu sasa kinategemea ile milioni 22, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Paa ndilo linalowatisha wanunuzi, lakini kwangu ni rahisi kuliko yote. Unapanda darini na tochi na bisibisi. Unachoma kenchi, zile mbao zinazobeba paa, karibu na ukuta, pale maji yanapopenda kukaa: mbao ikimeza bisibisi, imeoza au imeliwa na mchwa. Unaangalia mabati kwenye misumari na chini ya kofia ya kilele cha paa. Halafu unapima eneo, unaandika idadi. Mabati na mbao za kutibiwa vina bei dukani. Ongeza tu usafiri, kwa sababu saruji tunayo hapa hapa Mtwara lakini vifaa vingi vya paa husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na barabara ile ikikatika kama ilivyokatika kwa mafuriko ya Mei 2024, bei hupanda siku hiyo hiyo. Paa likiwa la asbesto, kwenye baadhi ya majengo ya zamani, hesabu inabadilika. Vumbi lake linaharibu mapafu, kwa hiyo usilitie kibarua na nyundo. Weka gharama ya watu wanaojua kuliondoa.

Adui wa nyumba za pwani ni chumvi. Huja na upepo wa bahari, hupanda kutoka ardhini kwenye kuta zisizo na tabaka la kuzuia unyevu, na mara nyingine ilichanganywa ukutani tangu siku ya kwanza kwa mchanga wa ufukweni. Dalili yake ni plasta inayopukutika mpaka usawa wa goti na unga mweupe usoni mwa ukuta. Ukiona rangi mpya imepakwa sehemu ya chini tu, gonga kwa sarafu. Sauti ya uwazi maana yake plasta imeachana na tofali. Kuibandua na kupiga nyingine haitoshi, chumvi itarudi baada ya masika mawili. Lazima ukate njia ya unyevu kwanza, na hiyo ni kazi ya chumba hadi chumba.

Chumvi ikifika kwenye nondo ndipo pesa inapotoka kweli. Chuma kikipata kutu huvimba, na zege lililokifunika hupasuka. Tazama chini ya lenta, yaani mhimili wa zege juu ya milango na madirisha, kwenye nguzo za baraza, na chini ya zege la ghorofa kama lipo. Ufa ulionyooka ukifuata mstari wa nondo, wenye madoa ya kahawia, ni mbaya kuliko nyufa kumi za plasta zilizosambaa kama utando. Plasta utaipiga kwa siku mbili. Nondo iliyokwisha inataka jeki, mihimili ya muda na mara nyingine kuvunja lenta nzima. Ufa wa kupanda ngazi kutoka kona ya dirisha nao usiupite. Huo huashiria msingi unaodidimia, hasa mabondeni ambako udongo ni wa mfinyanzi. Piga mstari wa penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, rudi baada ya wiki chache. Ukiwa umevuka mstari, nyumba bado inatembea.

Sasa zingatia jambo hili, ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniita. Ubovu unaouona una bei. Ule usioweza kuuona ndio wa kukatia zaidi. Mwenye nyumba akiruhusu upande darini, ufungue mfuniko wa karo, umwite fundi umeme akague waya, fungu la dharura la robo linatosha. Dari likiwa limezibwa, karo limejengewa juu, chumba kimoja kina mpangaji asiyefungua mlango, mimi napandisha fungu hilo mpaka asilimia 40, na namweleza mwenye nyumba waziwazi kwamba akifungua, ofa itapanda. Mara nyingi milango hufunguka.

Mikindani ni habari nyingine. Nyumba za kale pale ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ujenzi unaopumua. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na jiwe huanza kumong'onyoka nyuma ya uso uliong'arishwa. Ukiona saruji imepakwa juu ya ukuta wa namna hiyo, weka gharama ya kuibandua yote na kurudishia chokaa, na utafute fundi wa chokaa kabla hujataja bei. Nazipenda nyumba hizi, na ningependa kila moja ipate mnunuzi mwenye subira, lakini haziingii kwenye hesabu ya vyumba vitatu vya Chikongola. Na popote utakapokuta fremu na milango ya zamani ya mkongo au mninga, usikubali fundi aitoe kwa ajili ya alumini. Ipigwe msasa ibaki.

Ukarabati mwingine ni wa karatasi, nao una bei yake. Nyumba nyingi zinazouzwa rahisi ni za urithi. Barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani iko wapi? Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hilo liko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Na huku kusini, kwenye familia za Wamakonde, Wamwera na Wamakua, ambako ukoo hufuata upande wa mama, uliza pia kama mjomba anajua. Mahakama haitamtaja, lakini mjomba ambaye hakushirikishwa anaweza kukuletea kesi itakayokula miaka. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, ila isipolipwa uhamisho hauendi, kwa hiyo anayekwama ni wewe. Iandikwe kwenye mkataba nani anailipa na lini. Karatasi ikiwa haijakamilika sikushauri upunguze bei ukanunua hivyo hivyo. Weka ofa yako, na sharti kwamba pesa inatoka karatasi ikikamilika.

Muda nao una bei. Julai mpaka Septemba, kabla ya minada ya korosho, familia nyingi pesa imekwenda mashambani na mwenye kuuza husikiliza. Minada ikishaanza Oktoba, bei hukaza. Mimi hupenda ukaguzi wa kwanza ufanyike kiangazi na wa pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, Desemba au Januari, kwa sababu mvua huonyesha mambo ambayo tochi haionyeshi. Ukishindwa kusubiri mvua, hilo nalo liongeze kwenye fungu la dharura.

Siku ya kwenda kutaja bei, usiitukane nyumba. Mzee aliijenga kwa miaka, watoto wamezaliwa humo. Shikamoo kwanza, chai kama ikija, kisha: "Mzee, nyumba nimeipenda. Fundi amenionyesha haya, naomba tuyatazame pamoja." Mpe karatasi yenye orodha: kenchi nane, lenta ya jikoni, karo, waya, kila kimoja na bei ya dukani. Mwisho wa karatasi pana ofa yako, tarehe itakapokoma, na malipo kwa awamu mbili, ya pili siku uhamisho unapokamilika. Nimeona wazee wakikataa milioni 38 iliyotamkwa mdomoni, wakaikubali 42 iliyoandikwa na sababu zake, kwa sababu wanaweza kuwaonyesha watoto wao walioko Dar.

Akishikilia 60, mshukuru na umwachie karatasi na namba yako ya simu. Wengi hupiga baada ya masika. Akipiga, kabla ya kurudia bei ile ile panda darini upya, maana mvua za miezi ile zimeongeza kitu kwenye orodha.