Maana ya "matumizi magumu" kwenye ratiba ya sevisi ya gari

Kitabu kinachokuja na gari huwa na majedwali mawili ya sevisi, si moja. La kwanza ni la matumizi ya kawaida. La pili, ambalo mara nyingi hujificha kurasa chache mbele au huwekwa kama maelezo ya chini, ni la matumizi magumu. Wenye magari wengi huliona la kwanza, wakasoma "kilomita 10,000 au miezi 12", wakafunga kitabu. Neno "magumu" ndilo linalowapoteza. Wanafikiria lori la machimboni au gari la mashindano, kumbe anayekwenda kilomita tatu kazini na tatu kurudi, taratibu, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, ndiye hasa aliyekusudiwa.

Matumizi magumu ni uendeshaji wowote unaochosha oili, filta, vimiminika na vipuri haraka kuliko odomita (kihesabu kilomita cha dashibodi) inavyoonyesha. Maneno hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, lakini masharti yenyewe hufanana: safari fupi za mara kwa mara (vitabu vingi huweka mpaka kwenye kilomita 8 hivi, au 16 penye baridi ya kugandisha maji), injini kunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, foleni za joto kali, barabara za vumbi, matope au chumvi, milima, kuvuta tela, kubeba mzigo mzito, na kazi za teksi au kusambaza bidhaa. Sharti moja likitimia katika sehemu kubwa ya safari zako, jedwali lako ni la pili.

Kwa nini safari fupi ni ngumu

Hapa ndipo watu hubisha, kwa hiyo tuanze na maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Injini ikiwa ya moto, karibu yote hutoka kama mvuke kwenye bomba la moshi. Injini ikiwa baridi, sehemu yake hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ikifuatana na petroli ambayo haikuungua, kwa kuwa kompyuta ya injini humwaga petroli zaidi wakati wa baridi ili injini isizime.

Dawa ya hali hiyo ni joto. Oili ikifika nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi na kukaa hapo kwa muda, maji na petroli huvukizwa na kuvutwa nje ya sampu. Tatizo ni kwamba oili hupata moto polepole kuliko maji ya rejeta. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza kuwa umetulia katikati huku oili ikiwa bado vuguvugu. Ukizima injini dakika ya nane, umeacha maji ndani. Kesho unaongeza mengine.

Baada ya wiki kadhaa, oili huwa na maji, petroli na asidi. Viungo vya kemikali vilivyowekwa ndani yake ili kusafisha na kuzima asidi huanza kuisha ingawa gari limekwenda kilomita 2,000 tu. Dalili zake ni rahisi kuziona: chini ya kifuniko cha kujazia oili unakuta utando kama maziwa yaliyoganda, au kiwango kwenye kijiti cha kupimia kinapanda badala ya kushuka. Oili inayoongezeka yenyewe si jambo la kufurahia. Imechanganyika na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni petroli au dizeli. Utando mwepesi kwenye kifuniko peke yake si lazima uwe gasketi ya silinda iliyoungua. Gari likienda mwendo wa nusu saa barabara kuu na utando ukapotea, ulikuwa unyevu tu. Usipopotea, na maji ya rejeta yanapungua, hapo fundi aangalie gasketi.

Safari fupi zinaumiza vingine pia. Bomba la moshi huoza kutoka ndani kwa sababu maji hayakukaushwa. Betri hutoa nguvu nyingi kuwasha injini kisha haipati muda wa kurudishiwa. Na kwenye magari ya dizeli yenye filta ya masizi, hali ni mbaya zaidi: filta hiyo hujisafisha kwa kuchoma masizi, kazi inayotaka mwendo wa barabara kuu kwa dakika 15 hadi 20 hivi. Ukizima katikati kila mara, filta inaziba, na dizeli iliyokuwa inamwagwa ili kuongeza joto inaishia kwenye oili. Gari la dizeli la kisasa kwa mtu wa safari za kilomita tatu tatu ni ununuzi mbaya, na hakuna ratiba ya sevisi itakayoubadilisha uwe mzuri.

Kilomita ambazo odomita haizioni

Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, odomita imelala lakini oili inafanya kazi. Wapo watengenezaji wanaohesabu saa moja ya hali hiyo kuwa sawa na takriban kilomita 40 za mwendo. Tumia hesabu hiyo uone: mtu anayekaa saa moja ya foleni kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anaongeza kilomita 1,000 ambazo hazijaandikwa popote. Kwa miezi sita ni 6,000. Anayebadilisha oili kila kilomita 10,000 za odomita, kwa kweli anabadilisha baada ya nyingi zaidi ya hizo. Juu ya hapo, kwenye foleni hakuna upepo wa mwendo unaoingia kwenye rejeta, feni inafanya kazi yote peke yake, na gia otomatiki inapashwa joto kila unapoanza na kusimama.

Kinyume chake, barabara kuu ndefu ni raha kwa gari. Injini ni ya moto, mzunguko umetulia, breki hazitumiki. Gari lenye kilomita 30,000 za mwaka za barabara kuu laweza kuwa na oili yenye hali nzuri kuliko gari la kilomita 5,000 za mtaani. Wanunuzi wa magari yaliyotumika wangekumbuka hili, wasingeshangilia kila odomita ndogo.

Vumbi

Chembe za vumbi zina mchanga, na mchanga ni mgumu kiasi cha kukwaruza chuma cha silinda. Ulinzi ni karatasi ya filta ya hewa. Penye vumbi, ifungue na kuiangalia kila kilomita 5,000, hata kama jedwali la kawaida linasema ibadilishwe kilomita 30,000.

Ila kuna kosa la upande wa pili: kuipuliza kwa kompresa kila wiki. Filta iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililokwisha kunasa hupunguza ukubwa wa matundu. Upepo mkali wa kompresa hupasua nyuzi za karatasi, na tundu lisiloonekana kwa jicho linatosha kupitisha mchanga. Ikung'ute taratibu au ibadilishe. Unapoirudisha, pitisha kidole kwenye ukingo wake wa mpira uhakikishe umekaa sawa pande zote na vibanio vyote vimefungwa. Futa pia ndani ya boksi lake: ukikuta vumbi laini upande wa baada ya filta, hewa inapita pembeni, na filta mpya haitasaidia kitu.

Mzigo, tela na milima

Hapa adui ni joto. Gia otomatiki ikivuta tela au kupanda mlima mrefu, oili yake huungua na kuwa nyeusi yenye harufu ya kuungua. Baadhi ya vitabu husema oili ya giaboksi "haibadilishwi maisha yote". Soma tena sehemu ya matumizi magumu, mara nyingi hapo panatajwa kilomita. Tumia aina iliyoandikwa kwa giaboksi lako. Giaboksi la CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) likiwekwa oili ya otomatiki ya kawaida huanza kuteleza na kuharibika.

Kushuka ndiko kunakopima breki. Oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko. Ikiwa mpya, DOT 4 lazima ihimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Ikichemka kwenye mteremko, mvuke hujaa kwenye mabomba, na kwa kuwa mvuke unabanika, pedali inazama hadi chini bila gari kupungua mwendo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huiwekea muda, kwa kawaida miaka 2 au 3, si kilomita. Usichanganye hizi na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Vinavyozeeka hata gari likilala

Maneno "chochote kitakachotangulia" yanayofuata kilomita na miezi hayako pale kwa urembo. Mpira, oili na vimiminika huzeeka kwa kalenda. Gari la kilomita 3,000 kwa mwaka bado linataka oili mara moja kwa mwaka angalau. Mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati na pistoni, kwenye injini zenye mkanda na si cheni, kwa kawaida una kikomo cha kilomita na cha miaka pia. Ukikatika kwenye injini ambayo valvu na pistoni zinapishana katika nafasi moja, valvu hupinda palepale. Ukibadilishwa, badilisha na kikazaji, rola zake, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile.

Matairi nayo yana tarehe. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakifika miaka 6, yakaguliwe kila mwaka. Yakifika 10, yatolewe hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo.

Kuchagua jedwali lako

Kwa wiki mbili, andika urefu wa kila safari, dakika ulizokaa injini ikinguruma bila mwendo, na aina ya barabara. Zaidi ya nusu ya safari zikiangukia kwenye masharti yale, fuata jedwali la magumu. Kwa oili ya injini tofauti huwa kubwa: kama la kawaida linasema kilomita 10,000 au miezi 12, la magumu mara nyingi husema 5,000 au miezi 6. Vitu vingine havisogei sana. Plagi za iridiumu, kwa mfano, huvumilia hadi kilomita 100,000 hivi katika magari mengi, na kuzibadilisha nusu ya muda ni kutupa pesa.

Taa ya dashibodi inayokumbusha oili isikudanganye. Kwenye magari mengine ni kihesabu kilomita tu. Kwenye mengine ni programu inayokokotoa kutokana na joto la injini, mizunguko na idadi ya kuwasha. Hiyo ni nzuri kwa safari fupi na foleni, lakini haijui chochote kuhusu vumbi. Na taa nyekundu yenye alama ya birika si kikumbusho: ni presha ya oili imeanguka. Zima injini mara moja.

Siku ya kubadilisha oili, pima gari likiwa mahali pa tambarare, dakika chache baada ya kuzima. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti huwa na lita moja hivi, kwa hiyo kuongeza lita nzima kwa mkupuo pale panapotakiwa nusu ni kujaza kupita kiasi. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, itaipiga oili hadi itoe povu, na povu halilainishi beringi. Fuata unene ulioandikwa kitabuni, kama 0W-20 au 5W-30, na usitumie oili nzito kwa imani tu kwamba nzito hulinda zaidi: kwenye injini iliyobuniwa kwa oili nyepesi, nzito huchelewa kufika juu kwenye valvu asubuhi. Kipete cha bolti ya kumwagia kiwe kipya. Filta ya oili ipakwe oili kwenye mpira wake, ikazwe kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa ubavuni mwake. Kabla ya hapo angalia kama mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye injini. Mipira miwili ikikaa pamoja, ule wa nje hutoka kwa presha na sampu nzima humwagika barabarani ndani ya dakika chache.

Magari ya umeme hayana oili ya injini, lakini yana lake. Kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, breki hukaa bila kutumika, diski zinashika kutu, na pini za kalipa (kishikio cha pedi za breki) hukwama. Penye unyevu au chumvi, vitabu kadhaa huagiza pini hizo zisafishwe na kupakwa grisi kila mwaka. Haibridi, yaani gari lenye injini na mota ya umeme pamoja, nayo huwasha na kuzima injini yake mara nyingi ndani ya safari moja, hivyo safari fupi humhusu mwenye nayo sawasawa na mwingine. Na kama betri yake kubwa inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, tundu la feni chini au kando ya kiti cha nyuma lisafishwe, maana nywele za mbwa na nyuzi za mazulia huliziba bila mtu kujua.