Mechi za mazoezi za mpira wa Australia: dhana potofu na ukweli wa uwanjani

Kila Februari, wiki chache kabla ya msimu wa AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia (mpira wa umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na miguu), kufunguliwa mwezi Machi, klabu za Australia huingia uwanjani kujipima. Kwa miaka ya karibuni kila klabu hupata mechi mbili: kwanza mechi ya mazoezi inayochezwa kwa makubaliano ya makocha, kisha ile ya Community Series ambayo ina sura ya mechi rasmi. Hakuna hata moja inayoingia kwenye msimamo wa ligi, lakini ndizo mechi zinazozaa utabiri mwingi wa ovyo kuliko zote za mwaka.

Dhana: Anayeshinda Februari ndiye wa kuogopwa Septemba, mwezi wa fainali za ligi

Historia inakataa. Kuanzia 1988 hadi 2013 mechi hizi zilikuwa na kombe lake, na fainali yake ilichezwa kabla ligi haijaanza. Carlton walilibeba 2005, kisha wakamaliza ligi ya mwaka huohuo wakiwa mkiani. Wakalibeba tena 2007, wakamaliza wa pili kutoka mwisho. Brisbane Lions walikuwa wa mwisho kulitwaa, 2013, na msimu huo wakaishia nafasi ya 12. Ni kweli Geelong walichukua kombe hilo na ubingwa wa ligi 2009, ila Geelong wa miaka ile walikuwa wakimfunga karibu kila mtu, mwezi wowote.

Sababu ni kwamba kikosi kinachoanza si kinachomaliza. Nyota mwenye umri wa miaka 30 hupewa robo mbili kati ya nne za mechi, pengine tatu, kisha anavaa kandambili na kukaa benchi. Robo ya nne inabaki ya vijana waliosajiliwa Novemba na wale wanaotafuta nafasi. Timu ikitoka nyuma kwa pointi 30 katika robo hiyo, kilichotokea ni kwamba vijana wake ni wazuri kuliko vijana wa wenzao. Kwa hiyo andika matokeo ya mapumziko pembeni, yapime peke yake, na usiyachanganye na ya mwisho.

Hata hayo ya mapumziko yasome vizuri. Mkwaju unaopita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ya pembeni, ni pointi 1. Ubao huandikwa magoli, kisha pointi mojamoja, kisha jumla: 11.4 (70) ni magoli 11, pointi 4, jumla 70. Sasa tuseme timu moja ina 11.4 (70) na nyingine 9.10 (64). Ya kwanza inaongoza, lakini imepata nafasi 15 na ya pili 19. Mwezi Februari, miguu ikiwa bado mizito, ulengaji hupanda na kushuka. Idadi ya nafasi ndiyo inayoeleza nani aliyekuwa akiutawala mchezo.

Dhana: Ni mechi ya ligi iliyonyimwa pointi tu

Mechi ya ligi ina robo nne za dakika 20, saa ikisimama kila mpira unapokufa, hivyo robo moja hukaribia nusu saa. Kila upande una wachezaji 18 uwanjani, na mabadiliko hayazidi 75 kwa mechi nzima. Katika mechi ya mazoezi makocha hupanga wanavyotaka: robo ndefu zaidi, vipindi vitano au sita, benchi refu, mabadiliko bila kikomo. Wakati mwingine kipindi cha ziada huongezwa mwishoni kwa ajili ya mchezaji anayerudi kutoka majeruhi na anayehitaji dakika 20 tu za mwendo wa kweli.

Hapa ndipo takwimu zinapowapoteza watu. Kijana akitajwa kuwa amegusa mpira mara 30, uliza kwanza alicheza dakika ngapi na katika vipindi gani. Miguso 18 katika robo mbili za mwanzo, dhidi ya viungo wa kikosi cha kwanza, ina uzito kuliko 30 iliyokusanywa mchana kutwa. Wenyewe makocha hawahangaiki na hesabu hiyo. Kile kifaa kidogo kilichotuna katikati ya mabega ya kila mchezaji, ndani ya jezi, kinarekodi umbali na kasi, na benchi likiona mtu amefikisha mbio alizopangiwa anatolewa hata kama anang'ara. Mtangazaji akisema nyota ametoka mapema, usikimbilie kudhani ameumia. Tazama kama daktari amemfuata, na kama amevua viatu.

Dhana: Kwa kuwa ni mazoezi, hakuna wa kufungiwa

Hii ni dhana inayogharimu. Machi 2024, Jimmy Webster wa St Kilda alimvaa Jy Simpkin wa North Melbourne kwa bega akampiga kichwani, katika mechi isiyo na pointi hata moja ya ligi. Baraza la nidhamu lilimfungia mechi 7, na zote zilihesabiwa kwenye ligi. Siku chache kabla yake, Sam Powell-Pepper wa Port Adelaide alikuwa amefungiwa mechi 4 kwa kumgonga Mark Keane wa Adelaide. Anayechagua kumvaa mwenzake kwa bega badala ya kumkaba kwa mikono, kisha akamfikia kichwani, hubeba lawama ya matokeo. Kusema hakukusudia hakumwokoi.

Aliyegongwa naye ana kalenda yake. Tangu 2021, mchezaji aliyethibitika kupata mtikisiko wa ubongo hawezi kucheza kabla ya siku 12 kupita, na ndani ya siku hizo anapanda ngazi moja moja: kupumzika, mbio nyepesi, mazoezi bila kugusana, mazoezi kamili. Hesabu hiyo ikianzia mwishoni mwa Februari, mechi ya ufunguzi mara nyingi inampita. Ndiyo maana unapofuatilia mechi hizi orodha ya waliotoka kwa vipimo vya kichwa ina maana kuliko orodha ya wafungaji.

Dhana: Ukifuata mpira umeona mechi

Ukifuata mpira umeona theluthi yake. Kamera ya televisheni hukaa ubavuni na kuubana mpira. Aliye uwanjani ana bahati ya kukaa panapofaa, nako ni juu, nyuma ya goli. Kutoka hapo unaona mistari ya timu inavyofunguka na kujifunga.

Anza na mwanzo wa kila robo na baada ya kila goli. Tangu 2019 sheria inataka wachezaji 6 wa kila timu wawe mbele, 6 nyuma na 6 katikati. Kati ya hao wa katikati, wanne huingia kwenye mraba wa mita 50 kwa 50 na wawili ni mawinga. Waandike wale wanne kila mara. Kocha anaweza kudanganya vyombo vya habari wiki nzima, ila hawezi kuficha anayemwamini pale katikati. Kijana wa miaka 19 akiingia mrabani mara sita kwenye robo ya kwanza, amepata kazi. Akiingia robo ya nne tu, bado yuko kwenye foleni.

Kisha angalia mpira unavyotolewa nyuma. Timu ikikosa goli na kupata pointi 1, wapinzani huanza upya kutoka kwenye mstatili mdogo mbele ya nguzo, na anayeanzisha anaruhusiwa kutoka nao mbio. Je, mkwaju wa kwanza unakwenda pembeni karibu na mstari, au unachomwa katikati ya uwanja? Pembeni ni salama na polepole. Katikati ni haraka, lakini ukinyang'anywa hapo adui anatazamana na goli lako. Timu iliyotumia miezi mitatu ya mazoezi kubadili mwendo wake itajianika hapa ndani ya robo moja. Hesabu mikwaju kumi ya kuanzia nyuma na uone mingapi imekwenda wapi.

Mwisho, mtazame beki mmoja tu kwa dakika tano bila kuuangalia mpira. Beki mzuri humwacha mtu wake mapema, kabla mpira haujapigwa, na kwenda kuudaka pale ambapo mshambuliaji mwingine alikuwa anausubiri. Akichelewa hatua mbili, mtu aliyemwacha anabaki peke yake mbele ya nguzo, na mabeki wenzake wanaanza kunyoosheana vidole. Kunyoosheana vidole kwa Februari si dalili mbaya, maana ndiyo kazi ya mechi hizi. Kukiwa bado kupo mwezi wa Mei ndipo kuna tatizo.

Kitu kimoja hutakiona: mbinu maalumu. Karibu hakuna anayemwekea kiungo hatari wa wapinzani mlinzi wa kumganda, na mipango ya mipira iliyokufa hubaki kabatini. Kiungo akitamba bila kukabwa, punguza sifa kidogo.

Dhana: Goli la mbali lina pointi 9

Lilikuwa nazo. Kuanzia 2003 kombe la maandalizi lilijaribu kutoa pointi 9 kwa goli lililopigwa kutoka nje ya mita 50. Halikuwahi kuingia kwenye ligi, na siku hizi goli ni pointi 6 popote ulipolipiga.

Dhana: Ni raga iliyolegezwa

Sheria za mchezo huu ziliandikwa na klabu ya Melbourne Mei 1859, miaka minne kabla Waingereza hawajaunda chama chao cha soka. Hapa hakuna kuotea. Kurusha mpira kwa mkono ni kosa: unaushika kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya pili. Ukikimbia nao, lazima uudundishe au uugusishe chini walau mara moja kila mita 15. Ukidaka mkwaju uliosafiri mita 15 au zaidi kabla haujaguswa na mtu, mchezo unasimama kwa ajili yako na unapiga bila kubughudhiwa. Mcheza raga akiingia hapa bila kuelezwa haya, atatoa faulo kila baada ya dakika moja.

Dhana: Kasi ya Februari itadumu

Februari ni kiangazi, Melbourne inaweza kuvuka nyuzi 35, na mpira wa ngozi ukiwa mkavu hunata mikononi. Kila mtu anaonekana fundi. Ikifika Juni mvua inanyesha, mpira unateleza kama sabuni, na timu iliyojengwa juu ya pasi fupi za haraka inaanza kuzidondosha.

Uwanja nao unadanganya. Sheria inaruhusu urefu wa mita 135 hadi 185 na upana wa mita 110 hadi 155, na mechi nyingi za maandalizi huchezwa kwenye viwanja vya mazoezi au viwanja vidogo vya zamani. Uwanja wa Geelong ni mrefu na mwembamba, upana wake ni takriban mita 115, na timu iliyozoea kubadili upande kwa mikwaju mirefu hukosa hewa pale. Ujue vipimo vya uwanja kabla ya kusifu mfumo.

Dhana: Huu si mchezo unaotuhusu

Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Alijiunga na Port Adelaide 2021, na mwaka huohuo akachaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi, kwa kazi ileile ya beki anayemwacha mtu wake kwenda kudaka. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alitangulia kuichezea North Melbourne 2013. Héritier Lumumba, ambaye baba yake ni Mkongo, alitwaa ubingwa na Collingwood 2010.

Kuzitazama ukiwa huku ni hesabu ya saa tu. Februari na Machi, Melbourne na Sydney ziko saa 8 mbele ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo mechi ya saa 1:10 usiku ya Melbourne ni saa 5:10 asubuhi kwetu; Goma na Kigali ni saa 4:10. Brisbane haibadili saa zake, toa 7. Adelaide toa 7 na nusu, na Perth toa 5. Jumapili ya kwanza ya Aprili Melbourne, Sydney na Adelaide hurudisha saa nyuma, na tofauti ya miji hiyo inapungua kwa saa moja.