Udongo si mwepesi, jamani

Huyu ni mteja wa tatu mwezi huu. "Fundi, ghorofani tusiongeze mzigo. Ukuta tuutie udongo tu, ni mwepesi." Nikakaa kitako juu ya mfuko wa chokaa.

Udongo ulioshindiliwa una kilo 1,700 hadi 2,000 kwa mita moja ya ujazo. Zege lina kama 2,400. Umeokoa nini hapo? Ukuta wa urefu wa mita 3, kimo mita 2.5, unene sentimita 15, ni tani 2 za udongo. Naye anataka kuusimamisha katikati ya chumba, ghorofani kwenye nyumba ya kale ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, juu ya boriti za mikoko ambazo tayari zimebeba sakafu ya mawe na chokaa. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Wazee walijua wanachofanya.

Chepesi ni nyasi; udongo ni gundi tu. Koroga udongo wa mfinyanzi uwe kama uji, chovya nyasi kavu mpaka kila ujiti upate rangi, zichuje, kisha zishindilie kiasi baina ya mbao. Mchanganyiko ukikauka ukawa na kilo 700 kwa mita ya ujazo, ukuta ule ule unashuka hadi kilo 800 hivi. Haubebi paa: paa ni kazi ya fremu ya boriti. Na fremu ikae juu ya ukuta wa chini, si juu ya uwazi wa chumba. Hili nalirudia mpaka wanafunzi wangu wananiigiza. Wala usianze kazi hii masika, haukauki, unaota ukungu.

"Nyasi zitashika moto." Zikivikwa udongo na kubanwa hazipati hewa ya kuwaka. Kinachowaka ni makuti, na huyo huyo anayeuogopa ukuta ataezeka makuti bila kuuliza.

"Mvua itaumomonyoa." Ndiyo, ukibana upenu. Urefushe, hasa upande unaopigwa na kusi.

"Basi tupige lipu ya sementi iwe imara." La! Sementi ni ngumu, udongo unacheza. Lipu inapasuka, maji yanaingia na hayapati pa kutokea, udongo unalainika kwa ndani, siku moja bapa zima liko chini. Piga chokaa. Na mchanga wa ufuoni usiniletee, una chumvi.